Nani Alikuwa Anaua Glavu za Maternite

Amahoro, wadogo zangu wa usafi wa hospitali. Juma lililopita niliitwa niwaongeleshe dakika kumi, nikaongea arobaini, na bado niliona watatu kati yenu wanatazama simu. Mwingine alikuwa anakula andazi na glavu ileile aliyotoka nayo chooni. Sikumsema mbele ya watu. Nimeona afadhali niandike, maana karatasi hakuna anayeikatiza, na mwenye kuona haya ataona haya akiwa peke yake.

Mimi ni Djuma. Shule niliiachia mwaka wa nne, na mwalimu wangu aliwaambia wazazi kwamba sitafika mbali. Nimefika. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, nina pikipiki mbili barabarani, na nusu ya mabuti na aproni za plastiki mnazoziona mjini Rumonge zimetoka dukani kwangu. Lakini miaka ile ya vita, tuliyokuwa tunaiita krizi, nilikuwa mfanyakazi wa hospitali, na kazi yangu ilikuwa moja: damu ya mtu isiguse ngozi ya mtu mwingine. Kutoka Magara mpaka Nyanza hakuna aliyeifanya kunishinda. Wapo watakaobisha. Wabishe.

Niliingia pale kwa sababu ya gurudumu. Kabla ya vita nilikuwa fundi baiskeli karibu na soko la mawese. Wabebaji walikuwa wanashuka kutoka Gatete na bidoni nne za mafuta kwenye baiskeli moja, na mipira yao ya ndani ilikuwa inapasuka kila siku, Mungu awabariki. Risasi zilipoanza kulia milimani, wabebaji wakaacha barabara, na mimi nikabaki na pampu na njaa. Siku moja nilimpeleka jirani hospitalini, nikaona wanasukuma kitanda cha wagonjwa chenye gurudumu moja linalokwenda upande wake. Nikakilaza, nikalifungua, nikalitia mpira wa tairi kuukuu. Dokteri, kijana mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, akakisukuma mpaka mwisho wa veranda, akarudi, akaniuliza:

"Unajua kufua?"

"Dokteri, mimi ninajua kila kitu."

"Basi kesho uje."

Siku ya kwanza nilikuja na kandambili. Mkubwa wangu alikuwa Papa Safari, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mtu wa kanisa, mnene, anayeimba nyimbo za kwaya akifua na kunyamaza akikasirika. Aliponiona miguu akanyamaza.

"Mabuti iko wapi?"

"Papa, iko joto."

Hakunigombeza. Alichukua papai alilokuja nalo la kula, akaliweka chini sakafuni. Akashika sindano iliyotumika kwa koleo, akainyanyua mpaka usawa wa kiuno, akaiachia. Ikasimama wima ndani ya papai kama mshale.

"Hiyo ni muguu yako," akasema. "Na sasa sina tena chakula ya saa sita, ju yako."

Kuanzia siku ile nilivaa mabuti. Nilitaka hata kufungia ndoa nayo, mke wangu akakataa.

Sasa sikilizeni kuhusu glavu. Nyinyi mnavuta moja kwenye boksi, mnavaa, mnatupa, mnavuta nyingine. Sisi glavu moja ilikuwa na maisha marefu kuliko ndoa za watu. Ilizalisha, ikafuliwa, ikapikwa, ikazalisha tena. Msicheke. Barabara ya Bujumbura ilikuwa inafunguka na kufungika kama mlango wenye upepo, na kamyo la dawa likipita leo hujui lingine ni lini.

Papa Safari alinifundisha kwamba damu inafuliwa kwa maji baridi kwanza. Ukianza na maji moto unaipika, inashika. Wauguzi waliosoma miaka mitatu walikuwa hawalijui hilo, nikawafundisha mimi. Kabla ya hapo ni javeli, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, dakika kumi, na akisema kumi si kumi na tano, kwa sababu javeli haichagui, inakula uchafu kisha inakula na mpira. Halafu sabuni, ndani na nje. Halafu kuanika kivulini, maana jua linaikausha ngozi ya glavu ikawa kama ganda la kitunguu. Halafu poda, halafu kuzipanga mbili mbili kwenye kopo la chuma, halafu mvuke.

Kati ya kufua na kuanika kuna kupima tundu. Papa Safari alikuwa anafunga hewa ndani ya glavu, anaisogeza shavuni, anasikiliza kama upepo unatoka. Nikamwambia, "Papa, shavu yako imezeeka." Nikaleta beseni langu la kazi ya zamani. Glavu ikijazwa hewa unaibana mdomo, unaizamisha majini, unaikamua kidole kimoja kimoja. Tundu dogo kama la mbu, maji yanakusemea. Mapovu hayaongopi. Tangu siku hiyo glavu yenye tundu haikupita mikononi mwangu hata moja, na Papa Safari mwenyewe akakiri:

"Djuma, weye iko na akili mingi. Bahati mubaya kinywa yako inatangulia."

Alikuwa na haki, na nitawapa ushahidi. Nilipoona glavu nyingi zinatupwa kwa tundu moja tu, nikasema: mtu aliyeziba mipira ya wabebaji wa Gatete ashindwe na kitu laini hivi? Nikachukua gundi yangu, nikakata viraka vidogo vizuri, nikaziba glavu nane. Nilizipima kwenye maji, hakuna povu. Nikazipanga kwenye mvuke bila kumwambia mtu, nikingoja kusifiwa. Kopo lilipofunguliwa, chumba kizima kilinuka kama gereji iliyoungua. Gundi ilikuwa imeyeyuka, glavu zote nane zimeshikana mkono kama watu wanaosali. Papa Safari akaziinua zote kwa koleo, akaziangalia, akaanza kuimba wimbo wa mazishi, beti zote. Nilifua mashuka ya wodi ya kuhara juma zima.

Jifunzeni hapo: kitu cha kulinda mwili hakizibwi. Kikitoboka, kimekufa.

Lakini si hilo nililotaka kuwaambia hasa. Nilitaka kuwaambia habari ya mikono ya Mama Nyandwi.

Mama Nyandwi alikuwa mkunga wa maternite, wodi ya wazazi. Mfupi, mwepesi, mwenye ulimi wa pilipili. Wanawake walikuwa wanamwita mama hata wale waliomzidi umri. Na mikono yake ilikuwa imepasuka. Ukiosha kwa sabuni ile ya vita na javeli mara thelathini kwa siku, ngozi inachanika kama udongo wa kiangazi, kwenye vifundo, kati ya vidole. Kila ufa ni mlango. Mwenzake mmoja waliyesoma naye, aliyekuwa kituo kingine, alizalisha bila glavu glavu zilipokwisha, na sasa alikuwa kitandani anapungua siku kwa siku, na dawa tunazozijua leo zilikuwa hazijafika kwetu. Mama Nyandwi alikuwa anamtembelea kila Jumapili. Kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa.

Basi ikafika miezi ambayo glavu zilianza kufa ovyo. Jozi iliyokuwa inakwenda mara saba, inakwenda mara mbili. Nazizamisha, mapovu kila upande. Nyingine zinachanika zikivaliwa tu. Barabara imefungwa, kamyo haliji, na kwenye kabati tukabaki na jozi kumi na moja. Kwa siku tulikuwa tunapoteza tatu, nne.

Dokteri akatuita sote kwenye veranda ya maternite. Ilikuwa Jumatano. Wanawake watatu wenye mimba kubwa walikuwa wamekaa pale pale kwenye mikeka, mmoja ametoka Bugarama kwa miguu siku mbili akikwepa barabara.

"Nani anafua glavu?" akauliza.

Wote wakanitazama.

"Unazipika sana."

"Dokteri, mimi nazipika kwa saa. Dakika ni zilezile."

"Basi ni javeli."

"Ni dakika kumi, Dokteri. Muulize Papa Safari."

"Mambo ni haya," akasema. "Ijumaa asubuhi nitahesabu. Nikikuta chini ya jozi tano, maternite inafungwa mpaka kamyo lije. Zilizobaki ni za chumba cha upasuaji."

Mama Nyandwi akasimama. "Ikifungwa, hawa wanazalia wapi?"

"Sijui, Mama."

"Mimi najua. Kwenye migomba. Sitamtuma mwanamke kwenye migomba, Dokteri. Glavu zikiisha, mikono ninayo."

"Mikono hiyo?"

Akaificha nyuma ya aproni, kama mtoto. Yule mwanamke wa Bugarama alikuwa anatazama chini, anang'oa nyuzi za mkeka. Hapo nikajua kwamba Ijumaa, nikishindwa, Mama Nyandwi ataingiza mikono ile kwenye damu, na nitakuwa nimemuua mimi.

Alhamisi sikula. Nilizimwaga glavu zote zilizokufa kwenye meza ya kufulia, nikaziangalia kama nilivyokuwa naangalia mipira ya wabebaji. Fundi akitaka kujua mpira umekufa kwa nini hatazami tundu, anatazama mahali tundu lilipo. Msumari unatoboa popote. Kuungua kunakausha. Hizi hazikukauka. Zilikuwa zimelainika, zimevimba, zinanata kidoleni, na zimeanza kuoza kwa ndani. Glavu za chumba cha upasuaji, nilizozifua mimi huyuhuyu kwa javeli ileile, zilikuwa nzima.

Nikazinusa. Nikakaa chini.

Nilishaujua ugonjwa ule. Wabebaji wa Gatete, bidoni ikivuja, mafuta yanadondoka kwenye gurudumu, na baada ya juma mpira umekuwa uji. Niliibadilisha mia ngapi? Kila mtoto wa soko la mawese anajua kwamba mafuta na mpira ni maadui.

Na mafuta yalifikaje ndani ya glavu? Hapo ndipo ningependa hadithi iwe ya mtu mwingine. Mama mkwe wangu, kule Gatete, anakamua mise, yale mafuta ya kokwa ya mchikichi ambayo pwani nzima ya ziwa tunajipaka. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimeona mikono ya Mama Nyandwi, nikamwonea huruma, na kidogo nilitaka kuonekana. Nikamletea mkebe. "Jipake kabla ya kuvaa glavu, Mama, ngozi itarudi kama ya bibi harusi." Ngozi ilianza kurudi kweli. Wauguzi wengine wa maternite wakaja wakaomba, nikaleta mkebe mkubwa zaidi, nikauweka kwenye rafu na kila mtu akanishukuru, murakoze, Djuma. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Nilikuwa naua glavu kwa mkebe, kisha nazifua kwa bidii.

Papa Safari akanikuta nimekaa. Nikamweleza yote. Akanyamaza, na mnajua akinyamaza.

"Utasema?" akauliza.

"Nitatupa mkebe. Glavu zitapona zenyewe, nani atajua?"

"Nao kesho batajipaka ingine. Mise iko kila nyumba. Bakikosa kwako, batatoa kwao."

"Basi nitawaambia mafuta ni mabaya, nisiseme nani aliyaleta."

"Djuma. Ukisema mafuta iko mubaya, batakuuliza, si ni weye ulisema iko muzuri? Nani atakuamini mara ya pili?"

Nikaenda nyumbani, nikachukua pampu yangu ya baiskeli.

Asubuhi ya Ijumaa Dokteri alipokuja kuhesabu, alinikuta nimefunga glavu mbili kwenye kamba ya veranda, nimezijaza upepo kwa pampu mpaka zimekaa kama viwele vya ng'ombe. Zote mbili za jozi moja, nzima, zimepimwa. Wauguzi wamekusanyika, wale wanawake watatu wamegeuza mikeka ili waone.

"Hii ni nini?" Dokteri akasema.

"Dakika chache tu, Dokteri."

"Nimekuambia tunakosa glavu, wewe unazifanya mapambo?"

Nikachovya kidole kwenye mise, nikaipaka moja mgongoni. Nyingine nikaiacha. Nikaanza kueleza habari za mipira ya wabebaji, na kwa kuwa mimi ni mimi, nilianza mbali kidogo. Nilikuwa bado kwenye bidoni ya kwanza iliponipita sauti: paa!

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, sauti kama ile ilikuwa na maana gani siku zile. Kabla sijageuka veranda ilikuwa tupu. Dokteri alikuwa chini ya benchi. Wauguzi walikuwa wamelala kifudifudi, mmoja kichwa chake kimeingia ndani ya ndoo ya mashuka. Papa Safari, na mwili wake wote ule, alikuwa nyuma ya mguu wa meza. Aliyebaki amekaa ni yule mwanamke wa Bugarama, mimba haikumruhusu kuinama.

"Ni glavu," akasema kwa upole. "Ile aliyoipaka mafuta."

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena katika maisha yangu. Kilianzia chini ya benchi. Watu walicheka wamelala, wanashindwa kusimama, Dokteri anafuta machozi kwa koti. Miezi mingi hatukuwa tumecheka hivyo. Ile glavu ya pili ilikuwa bado inaning'inia, nzima, inayumbayumba.

Dokteri akajikung'uta, akaukamata mkebe. Kicheko kikaisha.

"Hii mise nani ameileta hospitalini?"

Mama Nyandwi alikuwa karibu naye. Alinitazama, kisha akatazama pembeni, na nikaona kabisa kwamba hatasema. Wauguzi nao wakatazama miguu yao. Walikuwa wananilinda, mimi niliyekuwa naula ulinzi wao.

"Ni mimi, Dokteri," nikasema. "Niliwaambia wajipake kabla ya glavu. Nilidhani najua."

Akaugeuzageuza mkebe mkononi, nikawa naona kazi inaondoka.

"Na ni wewe umegundua?"

"Ni mimi."

"Basi leo hukujisifu hata kidogo," akasema. "Wewe unaumwa?"

Papa Safari akasema kutoka nyuma ya meza, "Dokteri, tungojee kesho. Itamurudilia."

Kila mtu wa maternite akapanga foleni kwenye bomba, akaosha mise mpaka vidole vikalia. Tukapatana: mafuta ni ya nyumbani, baada ya zamu, glavu zikishavuliwa na mikono ikishaoshwa. Asubuhi unakuja mkavu. Ndiyo sheria niliyowaambia juma lililopita, na yule aliyeniuliza kwa nini losheni inakatazwa kabla ya glavu hizi za mpira, jibu lake ni hilo.

Dokteri akahesabu. Jozi nzima zilikuwa tano, na ile glavu moja ya kwenye kamba haikuwa na mwenzake. Tano si chini ya tano. Lakini akasema, "Nataka nione moja inafanya kazi na inarudi nzima. Ikirudi na tundu, nafunga."

Hatukungoja sana. Labda ni kile kicheko, labda ni muda wake, yule wa Bugarama akashika tumbo. Mama Nyandwi akakausha mikono yake iliyopasuka, akaikausha tena, akanyoosha vidole mbele yangu. Nikamvalisha glavu mwenyewe, kidole kwa kidole, bila kuvuta kwa kucha. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Sisi tulibaki veranda. Dokteri alikuwa na wagonjwa wengine lakini hakuondoka. Papa Safari alikuwa anaimba chinichini, nami nikamwomba angalau asichague ule wa mazishi. Ndani tulikuwa tunasikia sauti ya Mama Nyandwi: "Ego, mama, ego, ndiyo, hapo hapo. Usinisukume mimi, sukuma mutoto." Halafu kimya. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa.

Mama Nyandwi akatoka na mikono juu, glavu zimelowa damu mpaka kwenye vifundo. Hakusema ni msichana au ni mvulana. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akazipitisha kwenye javeli, akazivua kwa kuzigeuza. Akatazama viganja vyake kwanza, vikavu, nyufa zake zote safi. Kisha akaijaza maji glavu ya kulia, akaining'iniza mbele ya uso wa Dokteri. Vidole vitano vimevimba maji. Tukaangalia ncha za vidole vile, watu wote wa veranda ile. Hakuna kilichodondoka. Akajaza ya kushoto. Hakuna.

Dokteri akakunja karatasi yake ya hesabu, akaitia mfukoni.

"Mama, wa pili ni nani?" akauliza.

Kwenye mkeka, wa pili alikuwa ameshainua mkono.